Meza ya pool inavuta upande: tafuta chanzo kabla ya kununua kitambaa

Mchezaji akikosa mpira uliokuwa mdomoni mwa tundu, lawama ya kwanza huangukia kitambaa. Mwenye meza naye hutoa hela ya kitambaa kipya kwa sababu ndicho kitu anachokiona. Fundi anakuja, anavalisha, na baada ya muda mfupi malalamiko yanarudi yale yale. Kitambaa kinaweza kuwa kimechakaa kweli na bado kisiwe ndicho kinachovuta mpira. Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa mpangilio huu: mpira wenyewe kwanza, kisha sakafu na miguu, kisha jiwe, kisha kingo, na kitambaa mwisho.

Meza nyingi za baa zetu ni zile ndogo za sarafu, zenye jiwe la sleti la kipande kimoja. Kumbi zenye meza kubwa za futi tisa huwa na jiwe la vipande vitatu vilivyounganishwa. Kazi inafanana, ila meza ya vipande vitatu ina maungio, na hayo yana matatizo yake.

Mpira unavuta upande ukipigwa polepole

Mpigo wa nguvu huficha kasoro. Kasoro hujitokeza mpira unapokaribia kusimama, ndiyo maana wachezaji wazuri hulalamika kabla ya wengine. Chukua mpira, uviringishe kutoka ukingo mfupi mmoja kwenda wa pili, kwa mwendo wa kufika tu na kusimama. Mkono huwa na tabia ya kuusokota bila mwenyewe kujua, kwa hiyo ni bora kuuachia kutoka kwenye kibao chenye mfereji kilichoegemezwa juu ya ukingo. Fanya hivyo katikati ya meza, kisha kando ya kulia na ya kushoto, halafu zunguka uanzie upande wa pili. Rudia yote kwa mpira mwingine.

Sasa soma majibu. Mpira ukielekea upande uleule wa chumba, tuseme upande wa kaunta, uwe umeanzia huku au kule, basi meza imelala kuelekea kaunta. Ukienda mara huku mara kule bila mpango, shuku mpira. Ukikaa sawa kote isipokuwa eneo moja, tatizo liko kwenye jiwe au chini ya kitambaa, na miguu usiiguse.

Mpira mweupe ndio wa kwanza kushukiwa kwa sababu unapigwa kila zamu, huku ile mingine ikipumzika. Unaisha mapema, unapoteza uviringo, unamegeka. Baa nyingi pia zina mipira ya seti mbili tatu zilizochanganywa. Ukiwa na kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, pima mpira mmoja kwa kuugeuza pande kadhaa. Vipimo vikitofautiana, nunua mipira, kazi imeisha, hakuna meza ya kufunguliwa.

Tahadhari kwa kitambaa chenye manyoya, kile cha mtindo wa Kiingereza. Manyoya yake hulala kuelekea upande mmoja, kutoka pale mchezo unapofunguliwa hadi pale pembetatu inapopangwa. Mpira wa polepole unaokatiza meza kwa upana huvutwa kidogo kuelekea yanakolala, hata meza ikiwa sawa kabisa. Kitambaa hicho kipimie kwa urefu wa meza tu, usije ukafukuza kosa ambalo halipo.

Sakafu

Kama majibu yanaonyesha meza imelala, angalia ilikowekwa kabla ya kushika spana. Meza nyingi ziko barazani au chini ya banda, na sakafu ya baraza hujengwa na mteremko kwa makusudi ili maji ya mvua yatoke. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, ambao jicho halitauona, unafanya mguu mmoja wa meza uhitaji kuinuliwa karibu sentimita mbili kuliko mwenzake. Skrubu za miguu zinaweza kufika huko, lakini zikitolewa karibu zote zinayumba, na mchezaji akiegemea tu meza inahama. Ni afadhali kuweka bamba la chuma chini ya mguu wa upande ulioshuka, kisha kurekebisha kwa skrubu kiasi kidogo. Boksi lililokunjwa na vipande vya mbao laini havifai. Vinashindiliwa na uzito, vinanyonya maji ya deki, na baada ya wiki chache unarudi ulipoanza. Meza ya sarafu ina zaidi ya kilo 200, na uzito wote huo unakaa juu ya vitako vinne vidogo. Kwenye sakafu ya udongo mguu utazama tu hadi uwekewe kizege au tofali la kutandaza barabarani. Kigae kilichobandikwa na uwazi chini yake hupasuka.

Kuna na hili la wateja. Meza ya sarafu ikikwama, au mtu akitaka mipira bila kulipa, kona moja hunyanyuliwa na kuachiwa. Hakuna fundi atakayesawazisha meza inayofanyiwa hivyo kila Jumamosi. Mwambie mwenye baa.

Kusawazisha kwenyewe

Pima maji ya fundi ujenzi inatosha kukufikisha karibu, haitoshi kumaliza. Kanuni za WPA, shirikisho la pool la dunia, zinataka uso wa meza uweze kubaki tambarare, tofauti isizidi inchi 0.020 kwa urefu na 0.010 kwa upana, yaani takriban nusu milimita na robo milimita. Pima maji za kawaida zina kosa la nusu milimita hadi milimita moja kwa kila mita. Ukiweza kuazima ile ya mafundi mitambo yenye alama za 0.02 mm kwa mita, azima. Usipoipata, malizia kwa mpira.

Kwanza jaribu kifaa chenyewe: kiweke, soma kiputo, kigeuze kichwa kuwa miguu palepale, soma tena. Viputo viwili vikitofautiana, kifaa ndicho kilichopinda. Usiweke juu ya mbao za kingo, maana mbao hizo hazina uhusiano na usawa wa jiwe. Weka katikati ya meza, na kama kitambaa bado kipo, tanguliza kipande cha kioo kinene ili manyoya na vumbi visikudanganye.

Tafuta mguu ulio juu kuliko yote, uuache kama ulivyo, na uinue mingine kuufuata. Anza na urefu, ukigeuza miguu miwili ya upande mmoja kwa kiasi sawa, kisha upana, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Kila unapogusa upana, urefu nao unaweza kuhama kidogo, kwa hiyo zunguka tena. Kuzungusha skrubu huku imebeba meza nzima kunakula nyuzi zake. Weka jeki ya gari chini ya bodi na kipande cha mbao juu yake, punguza mzigo, ndipo uzungushe. Usinyanyulie kwenye fremu ya kingo, utazilegeza boliti utakazokuja kuzitafuta baadaye.

Ukimaliza, shika kila skrubu kwa vidole. Inayozunguka bila kazi haibebi kitu, meza inakaa juu ya miguu mitatu, na wa nne unasubiri mtu aegemee. Ikaze hadi ishike, kisha pima upya. Mwishowe funga nati za kuzuia, na siku inayofuata upitie tena, kwa sababu sakafu na mbao hushuka kidogo baada ya kubebeshwa mzigo upya.

Mpira unapinda mahali pamoja tu

Hapa ni jiwe, au kile kilicho kati ya jiwe na kitambaa. Tandaza kiganja, pitisha taratibu. Punje ya mchanga, kipande cha gundi ya zamani au pini ya stepla iliyoanguka wakati wa kuvalisha huhisika kama chunusi, na mpira wa polepole ukiipanda hubadili njia. Kitambaa kikiwa cha gundi unaweza kukifungua upande mmoja, ukafyonza uchafu na kukirudisha, kama hakijachakaa.

Pakiwa pamebonyea kwa eneo pana, weka rula ndefu ya chuma juu ya jiwe tupu na jaribu kupitisha karata chini yake. Karata moja ina unene wa karibu milimita 0.3. Ikipita kwa urahisi, jiwe limelegea katikati au fremu ya chini haigusani nalo. Sleti inapinda, ingawa kwa kuitazama huwezi kuamini, na jiwe jembamba la meza ya sarafu lililoshikwa kingoni tu linaweza kushuka tumboni baada ya miaka. Dawa ni kabari nyembamba kati ya jiwe na fremu. Karata zenyewe zinafaa, na kwa marekebisho madogo zaidi kata kopo la soda: ukuta wake una takriban milimita 0.1. Ingiza moja, pima, ongeza. Kubamiza kabari nene ili kumaliza haraka ndiko kunakopasua mawe.

Kama jiwe linafungwa kwa skrubu, angalia pia isije ikawa skrubu moja imekazwa mno na kulivuta chini. Ilegeze robo mzunguko, pima.

Mpira unagonga au unaruka kwenye mstari

Kwenye meza za vipande vitatu, mpira unaodunda kila unapovuka mstari uleule umekutana na ungio lisilo sawa. Kujaza pengo hakusaidii kabla vipande havijalingana. Linganisha kwanza kwa kabari hadi wembe uliolazwa upite juu ya ungio bila kukwama, kaza skrubu, ndipo ujaze.

Cha kujazia kuna nta ya nyuki au puti ya bodi za magari. Nta huyeyushwa, hudondoshewa, kisha hukwanguliwa ikiwa vuguvugu. Inatoka kwa urahisi meza ikihamishwa, na kwa Tanzania kuipata si kazi, Tabora peke yake ina sifa ya nta tangu zamani. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo haitayeyuka mezani, lakini hulainika mapema zaidi, na chini ya bati lisilo na dari mchana wa Januari nimeiona ikibonyea. Kwenye ukumbi wenye dari natumia nta. Chini ya bati natumia puti, nikijua kwamba siku ya kuhamisha meza nitaikwangua kwa jasho. Nta ya mshumaa achana nayo, inameguka na kuwa makombo chini ya kitambaa.

Ukingo umekufa

Mpira unafika kwenye ukingo na kurudi kama umechoka, pengine na sauti nzito. Sauti hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote. Gonga juu ya mbao kwa ngumi ukipita taratibu: pale sauti inapobadilika na kuwa ya uwazi, boliti imelegea. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na kuirekebisha ni kuingia chini ya meza na spana. Kaza kuanzia ya katikati kwenda pembeni, zote kwa nguvu inayokaribiana.

Kama boliti ziko sawa, bonyeza raba kwa dole gumba kila baada ya kiganja. Inayobonyea na kurudi ni nzima. Iliyo ngumu kama kisigino cha kiatu cha zamani imezeeka, na joto la bandani huiharakisha. Inayocheza nyuma ya kitambaa imeachia gundi. Raba iliyoachia inaweza kubandikwa upya kama bado ni laini. Iliyokauka ibadilishwe, na ubadilishe pande zote kwa pamoja, kwa sababu ukingo mmoja mpya katikati ya mitano ya zamani unaipa meza tabia ambayo hakuna mchezaji ataizoea.

Mpira unaoruka ukigonga ukingo, au kutoka nje ya meza, unaashiria ncha ya raba iko chini mno. Ukikabwa na kufia palepale, ncha iko juu mno. Urefu unaotakiwa kutoka kwenye jiwe hadi ncha ni karibu asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira. Kwa mipira mikubwa ya milimita 57 hiyo ni takriban milimita 36. Mara nyingi tatizo hili huzaliwa siku ya kuvalisha: fundi ameweka mipira ya saizi nyingine, au kitambaa kipya ni kinene kuliko cha zamani, au amekivuta kwenye ukingo hadi kikaivuta raba.

Mpira mweupe haurudi

Kwa meza za sarafu tu. Meza za mtindo wa Kiingereza huutambua mweupe kwa udogo wake: mipira mingine ina inchi 2, mweupe una inchi 1 na 7/8. Nyingine huutambua kwa ukubwa, nyingine kwa sumaku. Mweupe ukipotea na mtu akanunua wowote uliopatikana dukani, mashine itaumeza pamoja na mingine. Pima kabla ya kununua. Ikiwa saizi ni sahihi, fungua mlango wa pembeni uchungulie njia ya mipira. Utakutana na matambara na karatasi zilizotumika kuziba matundu ili mchezo usiishe, na wakati mwingine sarafu.

Je, ni kitambaa kweli?

Sasa ndipo tunafika. Mikunjo inayosukumwa mbele ya kiganja kama wimbi maana yake kitambaa kimelegea. Pwani tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake na kupanuka. Kitambaa kilichovalishwa siku kavu bila mvuto wa kutosha kitalegea masika yakiingia, na mipira itakuwa mizito.

Madoa meupe yenye umbo la nukta, hasa pale mweupe unapowekwa kufungulia, ni alama za kuungua kwa msuguano. Yanaudhi macho lakini hayavuti mpira. Mipira ya bei ya chini huyazidisha, na wachezaji wakihamisha kidogo mahali pa kufungulia yatasambaa polepole. Sehemu zinazong'aa, kitambaa kilichokonda midomoni mwa matundu na njia zilizochimbika kuelekea kona: hapo kweli kimeisha. Wengine hukigeuza ndani nje wapate miezi zaidi. Kwa kitambaa laini kisicho na manyoya, kama hakijatoboka, sipingi. Chenye manyoya hakigeuziki.

Kuvalisha upya

Chagua asubuhi, siku isiyo ya wateja. Na pale mkuu wa wilaya alipopiga marufuku pool saa za kazi, asubuhi ni ya fundi bila ubishi.

Ondoa fremu ya kingo, ng'oa kitambaa cha zamani na ukitunze, maana ndicho kipimo chako cha kukatia. Kwangua gundi yote, piga msasa, fyonza vumbi. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha, pima usawa wa jiwe likiwa tupu na urekebishe kila kitu kilichoelezwa huko juu. Fursa hii hairudi hadi kitambaa kijacho.

Tandaza kitambaa uso juu, manyoya yakielekea upande wa pembetatu. Jiwe la meza ya sarafu mara nyingi halina mbao chini, kwa hiyo ni gundi, ile ya viatu. Paka jiwe na kitambaa, subiri hadi kidole kisinate, ndipo ubandike. Kwenye jiwe lenye mbao tumia stepla. Anza upande mmoja mfupi, kutoka katikati kwenda kona. Nenda upande wa pili, vuta kwa mikono miwili, bandika katikati kwanza. Kisha pande ndefu kwa namna hiyo hiyo, ukivuka na kurudi ili mvuto ulingane. Kitambaa laini kivutwe kwa nguvu, chenye manyoya kwa kiasi. Matundu ya kati na ya kona yakate mwisho, mkato mfupi kwanza, maana mkato uliozidi haushoneki.

Kingo zivalishwe kitambaa kilekile, siku ileile. Ule utepe mwembamba wa mbao unaoshika kitambaa kwenye mfereji upigwe taratibu, na kitambaa kivutwe sawa urefu wote. Palipovutwa zaidi patacheza tofauti. Rudisha fremu, kaza boliti kidogo kidogo kwa zamu, kisha pima usawa mara nyingine, kwa sababu kukaza huhamisha jiwe.

Baada ya hapo ni brashi kila siku, kwa chenye manyoya kuelekea yanakolala tu. Pasi ni ya kitambaa cha manyoya peke yake, iwe ya umeme na moto mdogo. Pasi ya mkaa na cheche zake ibaki nyumbani. Bia ikimwagika, gandamiza kwa kitambaa kikavu bila kusugua. Soda inahitaji kwanza kitambaa chenye unyevu kidogo ili sukari itoke.

Siku chache za mwanzo mipira itakimbia na kuteleza kuliko wateja walivyozoea, na utasikia kwamba meza imeharibiwa. Viringisha mpira kwa kibao mbele yao, pande zote mbili. Baada ya wiki rudi na spana, kaza boliti za kingo, zitakuwa zimelegea kidogo.